Bunduki ya raia ni ipi? Kalibre 12, nusu-otomatiki na silaha ya vita: mambo mkaaji wa Likasi anapaswa kujua mbele ya kununua

Kila mara wezi wenye silaha wanapopita usiku katika kartié moja ya Likasi, kesho yake maneno ni yale yale, iwe Kikula, Panda ao Shituru. Wanaume wanakaa pembeni ya chupa ya Simba, mmoja anauliza: «Na mimi nikinunua yangu?» Mwingine anajibu kwamba anajua mtu anayejua mtu. Wa tatu ameona kwenye simu yake video za Wamarekani wakipiga bunduki zinazofanana kabisa na za askari, na anasema kule raia ananunua hiyo dukani kama anavyonunua redio.

Swali si la bure. Tarehe 28 Machi 2020 watu wa Bakata Katanga waliingia Lubumbashi na Likasi siku moja, na wakaaji wengi hawajasahau milio ya asubuhi ile. Mtu mwenye watoto ndani ya nyumba ana haki ya kufikiri juu ya usalama wao. Lakini kati ya kufikiri na kununua kuna mambo mengi ambayo muuzaji wa pembeni hatayasema kamwe: bunduki ni za aina gani, risasi gani inaingia wapi, sheria inaruhusu nini, na ni karatasi gani inamtenganisha mwindaji na mtu wa tribinali ya kijeshi.

Aina za bunduki, na kwa nini watu wanazichanganya

Tuanze na ile ambayo watu wengi wa Haut-Katanga wameiona kwa macho: kalibre 12. Ni bunduki ya mtutu laini ndani, haina mikato ya kuzungusha risasi. Jina lake lina hesabu ya zamani: ukichukua paundi moja ya risasi (gramu 453) na kuigawa katika mipira 12 iliyo sawa, upana wa mpira mmoja ndio upana wa mtutu, karibu milimita 18 na nusu. Kwa hiyo kalibre 20 ni ndogo kuliko kalibre 12, hata kama namba inaonekana kubwa. Hapo wengi wanakosea.

Kalibre 12 iko ya namna nyingi. Ile rahisi inakunjwa katikati, unaingiza kartushi moja ao mbili, unafunga, unapiga. Baikal za Urusi, kutoka mji wa Izhevsk, zimeenea Afrika nzima kwa sababu ni nzito, ni ngumu, na fundi anaweza kuzitengeneza bila vifaa vingi. Ya pili ni ile ya kuvuta kwa mkono chini ya mtutu, ambayo watu wanaita pompe: kila lisasi unavuta na kusukuma. Ya tatu ni nusu-otomatiki: unapiga, moshi ao nguvu ya kurudi nyuma inatoa ganda na kuingiza kartushi nyingine yenyewe. Hii si mambo mapya. Auto-5 ambayo John Browning aliibuni, na ambayo kiwanda cha FN cha Herstal, Ubelgiji, kilianza kuitengeneza mwanzoni mwa miaka ya 1900, ilikuwa ya namna hiyo.

Sasa maana ya neno lenyewe, kwa sababu ndilo linaleta fujo. Nusu-otomatiki ni kusema: kidole kimoja kwenye gasheti, lisasi moja. Ukitaka ya pili, uachie na uvute tena. Otomatiki ni ile ambayo ukishikilia gasheti inaendelea kumwaga mpaka sharjeri iishe ao kidole kitoke. AK ya askari ina kifungo pembeni cha kuchagua moja kati ya hizo mbili, na ikiwa kwenye otomatiki mwendo wake ni karibu risasi 600 kwa dakika. Bunduki za kiraia ambazo watu wanaziona kwenye video za Marekani zimeondolewa ile sehemu ya otomatiki kiwandani. Saiga ya Izhevsk na WASR ya Rumania ni ndugu za AK. AR-15 ni dada wa M16 ya jeshi la Marekani. Herufi AR zinatoka kwenye jina la kampuni ArmaLite, na Colt ilianza kuiuza kwa raia katika miaka ya 1960.

Kwa umbo, hakuna tofauti ambayo askari wa barabara anaweza kuiona usiku kwenye mwanga wa tochi. Iko hata Saiga ya kalibre 12 yenye umbo la AK. Mtu anaweza kusema yake ni ya ndege na sungura, lakini atakuwa anasema hivyo akiwa amepiga magoti.

SKS ya Simonov iko peke yake. Ilitengenezwa Umoja wa Kisovieti nyuma ya vita kuu ya pili, inabeba risasi 10 katika kasha lisilotoka, na toka mwanzo ni nusu-otomatiki tu. Wachina waliitengeneza pia na kuiita Type 56, jina lile lile walilolipa AK yao, kwa hiyo ukisikia «Type 56» hujui bado mtu anasema juu ya bunduki gani. Kwa sababu haina otomatiki, katika nchi fulani SKS inauzwa kwa wawindaji. Kwa Kongo, ilikuja kama silaha ya jeshi na ya vikundi vyenye silaha, na risasi yake ni ile ile ya AK.

FN FAL nayo wazee wa Likasi wanaijua vizuri. Ndiyo iliyokuwa mikononi mwa askari wa Ireland wa Umoja wa Mataifa waliozungukwa hapa, wakati mji ukiitwa bado Jadotville, toka tarehe 13 mpaka 17 Septemba 1961, wakipigana na majeshi ya Katanga mpaka maji na risasi vikawaishia. Ni bunduki ya Herstal pia, ndefu, ya risasi 20 kwa sharjeri, yenye nguvu kuliko AK.

Karabini ya kuwindia iko mbali na hizo zote. Ina mikato ndani ya mtutu, inapakiwa kwa kuvuta kitasa kwa mkono, inabeba risasi tatu, nne ao tano, na inaomba mwindaji apige mara moja na apige vizuri. Kwa mnyama mkubwa, kalibre kama 375 ya Holland & Holland, ya mwaka 1912, inatumika mpaka leo. Kwa porini mwindaji mzoefu hahitaji nusu-otomatiki. Nyati akikosewa na lisasi ya kwanza, ya pili na ya tatu za haraka haraka mara nyingi zinamjeruhi tu, na nyati aliyejeruhiwa ndiye anayeua watu.

Na mwisho iko gobore. Fundi wa kijiji anachukua bomba, anachonga kitako cha mti, baruti na vyuma vinaingia kwa mdomo wa mtutu. Si silaha halali kwa sababu tu ni ya kienyeji. Sheria inakataza kutengeneza bunduki bila ruhusa, iwe kiwandani ao chini ya mwembe. Na bomba la maji halikutengenezwa kuvumilia baruti. Linapasuka karibu na uso wa mpigaji, si karibu na mnyama.

Mambo haya yana historia yake

Tofauti kati ya «bunduki ya mwanakijiji» na «bunduki ya serikali» haikuanza jana. Katika karne ya 19 Msiri wa Bunkeya alijenga nguvu za Garenganze kwa shaba, pembe za ndovu na watumwa, akipokea bunduki na baruti kutoka pwani ya mashariki na kutoka Benguela upande wa magharibi. Tarehe 2 Julai 1890, mwaka mmoja mbele ya Msiri kuuawa, nchi kubwa zilitia sahihi Mkataba wa Brussels. Ulikataza kuingiza bunduki za kisasa katika Afrika yote kati ya digri 20 za kaskazini na digri 22 za kusini, na kuacha njia tu kwa bunduki za zamani za mtutu laini za jiwe la moto na baruti ya kawaida. Katanga yote iko ndani ya mstari huo. Mkataba ulisema ni kwa ajili ya kupigana na biashara ya watumwa, lakini ulisaidia pia watawala kubaki peke yao na bunduki nzuri.

Risasi: hapa ndipo watu wanakufa bila kupigwa na mtu

Muuzaji akisema «hii ni saba sitini na mbili», bado hajasema kitu. Iko 7.62 × 39 ya AK na SKS, na iko 7.62 × 51 ya FAL. Namba ya kwanza ni upana wa risasi kwa milimita, ya pili ni urefu wa ganda. Zile mbili hazibadilishani hata kidogo. Ya AK inatoka kwa mwendo wa karibu mita 715 kwa sekunde na nguvu ya karibu juli 2 000. Ya FAL inafika karibu mita 840 kwa sekunde na zaidi ya juli 3 300. AK-74, iliyokuja nyuma, ina yake tena ya 5.45 × 39. Na 5.56 × 45 ya M16 ni nyepesi, karibu gramu 4, lakini mwendo wake unapita mita 900 kwa sekunde.

Ile 5.56 inafanana kwa macho na 223 Remington, ya kiraia. Tofauti ni presha na nafasi ndani ya chumba cha risasi. Bunduki iliyoandikwa 5.56 inapokea 223. Iliyoandikwa 223 tu haipaswi kupewa 5.56 ya jeshi. Mambo madogo, lakini yanatokea mbele ya macho ya mtu.

Kwa kalibre 12 hatari iko pengine. Urefu wa chumba umeandikwa kwenye chuma, mara nyingi 65, 70 ao 76. Kartushi ya 76 inaweza kuingia katika chumba cha 70, kwa sababu urefu ulioandikwa ni wa kartushi iliyofunguka nyuma ya kupigwa. Inaingia vizuri, inafunga vizuri, halafu presha inapanda na bunduki ya zamani inapasuka. Nyingine: kartushi ya kalibre 20 ikiteleza ndani ya mtutu wa 12, inakwama mbele. Mwindaji anadhani hajapakia, anaweka ya 12 nyuma yake, anapiga. Ndiyo sababu viwanda vingi vinapaka kalibre 20 rangi ya njano, na ndiyo sababu mtu asibebe aina mbili ndani ya mfuko mmoja.

Kwa Afrika ya kati kartushi nyingi za kalibre 12 zinatoka kiwanda cha MACC cha Pointe-Noire, upande wa Brazzaville. Namba kwenye kartushi inasema ukubwa wa vipira: namba inavyopanda, vipira vinakuwa vidogo. Za kanga na simbilisi ni ndogo. Chevrotine ni mipira mikubwa, michache, kwa nguruwe pori na swala. Kupita mita 35 ao 40 vipira vya kawaida vimetawanyika na kupoteza nguvu. Lisasi ya karabini haina huruma hiyo: hata ile ndogo kabisa ya 22 inaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja ikikosa shabaha.

Kuangalia risasi ni kazi ya macho. Kijani kwenye shaba ya ganda, risasi inayocheza ndani ya shingo, kartoni iliyovimba kwa unyevu, kitako chenye alama ya sindano (ni kusema ilijaribiwa ikakataa): hizo zote zitengwe na zipelekwe polisi. Na ukivuta gasheti bila mlio, usifungue haraka. Shikilia mtutu upande salama kwa nusu dakika ao zaidi, kwa maana baruti iliyolala unyevu inaweza kuchelewa kulipuka.

Sheria inasema nini

Kanuni ya msingi ni Sheria-amri nº 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985 juu ya silaha na risasi, ya wakati wa Zaire. Siku ile ile ilitoka amri nº 85-212 ya kuitekeleza. Mwelekeo wake ni rahisi kuelewa: hakuna anayeingiza, anayetengeneza, anayeuza, anayebaki na silaha ya moto ao risasi bila ruhusa ya mamlaka ya serikali. Bunduki za kuwinda na za michezo ziko upande mmoja, zinaweza kuombewa permi. Silaha za vita ziko upande mwingine, kwa jeshi na polisi.

Nusu-otomatiki ya umbo la AK inaangukia wapi? Jibu zito kabisa liko Nairobi. Tarehe 21 Aprili 2004, Kongo ilikuwa kati ya nchi zilizotia sahihi Protokoli ya Nairobi juu ya silaha ndogo na nyepesi katika Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika. Kipengele chake cha tatu kinaomba nchi ziweke katika sheria zao katazo kamili kwa raia kuwa na silaha nyepesi, bunduki za otomatiki, bunduki ndefu za nusu-otomatiki na bunduki za rashasha. Si kupunguza, ni kukataza. Nyuma yake ulikuja Mkataba wa Kinshasa, uliopitishwa tarehe 30 Aprili 2010 kwa nchi za Afrika ya kati na kuanza kazi tarehe 8 Machi 2017, unaoomba alama kwenye kila silaha na daftari la walio nazo. Kwa upande wa serikali kazi hiyo inafuatwa na Tume ya kitaifa ya kuchunguza silaha ndogo, CNC-ALPC.

Kwa hiyo mkaaji anayetazama AR-15 ao Saiga kwenye simu, na kuuliza ipi ni bora kati ya hizo mbili, analinganisha vitu ambavyo nchi yake imeahidi kutowaachia raia. Na hapa hakuna kona ya kujifichia: kusema «yangu haina otomatiki» hakusaidii, kwa maana nusu-otomatiki imetajwa kwa jina lake.

Kinachobaki wazi kwa raia ni bunduki ya kuwinda, na hiyo nayo si kwa kulipa tu. Anayetaka kuwinda anaangukia pia chini ya sheria nº 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982, ambayo inaweka permi za uwindaji za namna mbalimbali: kuna ya michezo, kuna ya watu wa vijijini, kuna ya pamoja. Permi ya silaha na permi ya kuwinda ni karatasi mbili. Mtu anaweza kuwa na moja na kukamatwa kwa kukosa nyingine. Na hata mwenye zote mbili hana ruhusa ndani ya parke ya Upemba, iliyofunguliwa mwaka 1939, wala ya Kundelungu, ya mwaka 1970. Kule walinzi wa ICCN wanahesabu kila bunduki ya raia kuwa ya jangili.

Kwa kuanza, mtu anaenda katika ofisi za serikali zenye kazi ya mambo ya ndani na kuuliza kwa maandishi mbele ya kulipa hata faranga moja kwa muuzaji. Mpango ni huo: ruhusa kwanza, bunduki nyuma. Muuzaji anayesema «chukua, karatasi zitakuja» anauza kesi. Mnunuzi anaangalia namba iliyochongwa kwenye chuma ikiwa inafanana na ile ya karatasi, herufi kwa herufi. Namba iliyosuguliwa kwa tupa ina maana moja tu. Na kila malipo kwa serikali yana karatasi yake ya malipo. Isiyo nayo haikulipwa, hata kama feza zilitoka mfukoni.

Kuna wanaofikiri kuvuka Kasumbalesa na kununua Zambia ni rahisi zaidi. Karatasi za Zambia ni za Zambia. Bunduki ikivuka mpaka bila ruhusa ya Kongo ya kuiingiza, imekuwa magendo, hata kama ilinunuliwa dukani kwa faktura nzuri.

Kwa nini AK ya pembeni inapeleka mtu kwa hakimu wa kijeshi

Wakaaji wengi wanadhani tribinali ya kijeshi ni ya wanajeshi. Si hivyo. Kanuni ya mahakama za kijeshi, sheria nº 023/2002 ya tarehe 18 Novemba 2002, inazipa nguvu pia juu ya raia anayefanya kosa kwa silaha ya vita. Fundi wa baiskeli, mwanafunzi, mama wa soko: kama silaha ni ya vita, hakimu wake ni yule wa magaloni. Na kama wale wanaokamatwa ni wawili, watatu, wanaoitwa kundi la wahalifu, kanuni ya adhabu inaruhusu hukumu ya kifo. Tarehe 13 Machi 2024 waziri wa sheria alitoa barua ya kuondoa kizuizi kilichokuwa kimesimamisha utekelezaji wa hukumu hizo toka 2003, na ujambazi wa mijini unaoleta vifo umetajwa humo.

Mpango wa «kikundi cha kujilinda» cha kartié nao unapaswa kuangaliwa kwa makini. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kipengele cha 190, inasema kuunda kikundi cha kijeshi ao wanamgambo wa binafsi, ao kuwapa vijana silaha, ni uhaini mkubwa. Vijana wanaozunguka na filimbi na matochi ni kitu kingine. Bunduki ya kwanza inapoingia kati yao, hesabu inabadilika.

Hata makampuni ya ulinzi, yale yanayosimama mbele ya viwanda na kwenye milango ya migodi ya Likasi na Kambove, walinzi wao hawabebi bunduki. Ana rungu, ana redio, na mwenye AK pembeni yake ni polisi aliyetumwa, mara nyingi wa polisi ya migodi. Kama kampuni yenye mamilioni ya dolari haina haki ya kumpa mlinzi wake bunduki, mwenye parseli ya Kikula ajiulize mara mbili.

Ndani ya nyumba

Tuseme hata hivyo mtu amepata permi na kalibre 12 yake. Usiku mmoja anasikia kelele. Nyumba nyingi za Likasi zina ukuta wa tofali za udongo na paa la mabati, na jirani yuko mita chache. Risasi ya AK inapita tofali ya udongo na kuendelea. Hata chevrotine kwa umbali wa mita tano haisimami kwa urahisi. Anayelala upande wa pili wa ukuta ni mtoto wake ao wa jirani. Na wezi wanaokuja kwa kundi, wakijua kwamba baba wa nyumba ana bunduki, wanakuja kwa ajili ya bunduki yenyewe. Kwao ina bei kuliko televizheni.

Kwa hiyo bunduki halali inalala tupu, imefungwa kwa kufuli, na kartushi ziko fasi nyingine, chini ya kufuli nyingine, pakavu. Ufunguo si juu ya kabati. Watoto wanajua juu ya kabati kuna nini kuliko wazazi. Msimu wa mvua chuma kinapanguswa kwa mafuta kidogo kila wiki mbili, maana kutu ndani ya mtutu inaleta hatari ile ile ya presha. Haiazimwi, hata kwa shemeji. Permi ina jina la mtu mmoja.

Ile ya marehemu, na ile iliyookotwa

Iko hali moja ambayo inakuta familia bila kutafuta. Mzee anakufa, watoto wanafungua sanduku, wanakuta bunduki ya kuwinda ya miaka ya 1960 ao 1970, na pengine kartoni ya kartushi. Permi ilikuwa ya mzee, na imekufa pamoja naye. Mjane hajafanya kosa lolote siku hiyo, lakini akinyamaza mwezi baada ya mwezi, anabaki na silaha bila ruhusa. Njia ni kwenda kutangaza kwa polisi ao kwa komini, pamoja na karatasi ya kifo na permi ya zamani kama ipo, kisha familia inachagua: mmoja aombe permi yake, ao bunduki irudishwe kwa serikali. Bunduki ibaki nyumbani mpaka polisi waseme namna ya kuileta. Kuibeba mwenyewe ndani ya gunia, kwenye pikipiki, katikati ya vizuizi vya barabara, ni namna nzuri ya kutofika.

Katanga ina uzoefu wa kurudisha silaha. Katika miaka ya 2000, mpango wa PAREC wa mchungaji Daniel Ngoy Mulunda ulikusanya bunduki kwa kutoa baiskeli: unaleta moja, unarudi ukiendesha. Watu walicheka mwanzoni, lakini kwa mkulima wa Mitwaba ao Malemba-Nkulu baiskeli inabeba mahindi mpaka sokoni na bunduki haibebi kitu. Toka 2021, kwa waliotoka katika vikundi vyenye silaha, kazi hiyo iko mikononi mwa P-DDRCS.

Kwa risasi, grenedi ao kitu kisichojulikana kinachookotwa shambani ao pembeni ya shimo la mgodi, hakuna cha kurudisha kwa mkono. Usiguse, usigonge, usiweke ndani ya moto «kuona kama ni nzima». Weka tawi ao kitambaa mbali kidogo ili watu waone, ondoa watoto, na itisha polisi. Nchini kuna kituo cha kupigana na mabomu ya ardhini, CCLAM, ambacho kazi yake ni hiyo. Likasi ni mji wa migodi na wa kiwanda cha vilipuzi, Afridex. Fundi wa migodi anajua kwamba kapsuli ndogo kama kalamu inakata vidole vya mkono mzima. Mtoto wa miaka minane hajui, na ndiye anayeokota kwanza.